Milimita 4 kwenye ukingo wa eleroni

Mwaka 2016 nilikuwa na ndege ya mfano ya kujifunzia, bawa lake juu ya kiwiliwili, sentimita 120 kutoka ncha hadi ncha. Iliruka na kutua vizuri, lakini kuipindisha ilikuwa kazi. Nasukuma kijiti cha redio ya kuongozea kushoto, kimya. Naongeza kidogo, bawa linalala ghafla, na kabla halijalala pua inakwenda kulia kwanza. Siku nyingi nilikuwa nikichezea trimu, vitufe vya kunyoosha mwendo wa ndege, nikidhani kosa liko kwenye redio.

Jumamosi moja niliibeba hadi kwa fundi redio wa mtaani kwetu, mzee asiyewahi kurusha ndege. Akaniambia niiwashe ili servo (mota ndogo ya kusogeza vipande vya bawa) ikaze, akashika ukingo wa nyuma wa eleroni, kile kipande cha nyuma ya bawa kinachopanda na kushuka ili kulaza ndege, kwa vidole viwili, akautikisa.

"Mwanangu, hii inacheza."

Tukapima kwa rula: milimita 4, na servo haijasogea hata kidogo.

Servo ilikuwa moja tu, katikati ya bawa, ikivuta eleroni zote mbili kwa waya mrefu uliopita ndani. Waya ulikuwa wa milimita 1.2, lakini tundu lake kwenye mkono wa servo lilikuwa limelika hadi karibu milimita 2. Isitoshe, waya mrefu hivyo ukivutwa hutii, ukisukumwa hupinda katikati kwanza. Ulegevu wa namna hii si wa kupuuza: ndege ikishika kasi, eleroni huweza kuanza kutetemeka hadi bawa livunjike.

Tuliitoa servo ile. Tukachonga vishimo viwili chini ya bawa, kila kimoja mbele ya eleroni yake, tukaweka servo 2 za gramu 9. Waya mpya ulikuwa wa milimita 1.5 na urefu wa sentimita 7 tu. Tulikunja ncha yake kama herufi Z na kutoboa mkono wa servo kwa keekee ya milimita 1.5 kamili. Waya ulikaa tundu la ndani la mkono, na tundu la nje kabisa la pembe ya eleroni, kile kipande kilichochomoza chini yake ambacho waya hukisukuma na kukivuta. Hivyo eleroni husogea kidogo, lakini servo hutumia mzunguko wake wote na hatua zake zinakuwa ndogo ndogo. Matundu ya pembe tuliyaweka sawasawa na mstari wa bawaba, maana yakirudi nyuma ya mstari huo, mwendo wa juu na wa chini hautalingana mahali usipotaka.

Ikabaki ile pua. Eleroni inayoshuka huongeza mnyanyuko upande wake, na pamoja nao ukinzani wa hewa, kwa hiyo huvuta pua kinyume cha kona. Dawa ni eleroni ipande zaidi kuliko inavyoshuka. Redio yangu ilikuwa ya chaneli 4, moja tu ikiwa ya eleroni, servo zote mbili zikaingia kwenye waya mmoja wenye matawi, kwa hiyo hesabu ikabidi ifanyike kwenye mikono ya servo yenyewe. Kwa kuwa pembe zilikuwa chini ya bawa, tuliisogeza mikono meno 2 ya mhimili wa servo kuelekea mbele, kiasi cha digrii 30. (Pembe zikiwa juu, unailaza nyuma.) Rula ikasoma milimita 12 kupanda, 8 kushuka.

Mwisho tuliziba mwanya wa bawaba, ambako hewa ya chini ilikuwa ikitorokea juu. Unainua eleroni hadi mwisho ndipo unabandika selotepu nyembamba upande wa chini, ukiisukuma ndani ya mwanya. Ukiibandika eleroni ikiwa imelala, itakataa kupanda.

Jioni uwanjani upepo ulikuwa mdogo. Nilisukuma kijiti upana wa kucha, bawa likalala papo hapo, pua ikabaki njiani. Kwenye mwendo wa taratibu wa kutua bado nilihitaji usukani wa mkia kidogo. Mzee alisubiri ndege itue, akashika tena ukingo ule kwa vidole viwili, akautikisa, kisha akaniachia nishike mwenyewe.