Nyota zee na mwanga wa urujuanimno

Jioni hii nimeitazama tena picha ya M87, galaksi kubwa iliyo katikati ya kundi la galaksi la Virgo, miaka ya nuru zaidi ya milioni 50 kutoka kwetu. Kwa macho ni umanjano tu, unaofifia kuelekea ukingoni. Galaksi kama hii iliacha zamani kuzaa nyota kwa wingi. Zile kubwa za buluu, zenye maisha ya miaka milioni kadhaa tu, zilishakwisha. Zimebaki ndogo, nyekundu, za mabilioni ya miaka. Kwenye urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho ambao hutoka hasa kwa nyota zenye joto kali, ilipasa kuwa karibu giza tupu.

Wala si giza. Mwaka 1969 setilaiti ya Marekani, OAO-2, iliona kitovu cha Andromeda, galaksi jirani, kilichojaa nyota kongwe, kikitoa urujuanimno mwingi kuliko ilivyodhaniwa. Baadaye ikaonekana hivyo kwenye galaksi duaradufu nyingi, na zile kubwa za katikati ya makundi ndizo zinazong'aa zaidi.

Chanzo kinachodhaniwa ni nyota iliyopita hatua ya jitu jekundu, yaani ya kuvimba uzeeni, ikapoteza karibu hidrojeni yote ya nje. Hubaki kiini, takriban nusu ya uzito wa Jua, kikichoma heliamu. Joto la uso wake huvuka Kelvini 20,000. La uso wa Jua ni 5,800 hivi. Hudumu hivyo miaka kama milioni 100. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini, na hapa maini yenyewe yamebaki wazi.

Kinachoninyima usingizi ni jinsi vazi hilo la hidrojeni linavyovuliwa. Wapo wanaosema nyota mwenza hulinyonya. Naamini hutokea, ila sioni kwa nini mwenza apendelee galaksi kubwa. Mimi naegemea heliamu. Nyota iliyozaliwa na heliamu nyingi huzeeka haraka, kwa hiyo zinazofikia ujitu leo ni nyepesi kuliko wenzao wa rika moja, na gamba lao ni jembamba tangu mwanzo. Omega Centauri, fundo la nyota la jirani, lina nyota ambazo ni vigumu kuzieleza bila heliamu ya ziada.

Kipimo kipo: makundi ya galaksi ya mbali sana, ambayo mwanga wake uliondoka nyota zikiwa bado changa. Tukirudi nyuma vya kutosha, urujuanimno huu lazima ufifie, na pale unapofifia patatuambia nyota hizo zilianza na heliamu kiasi gani. Hapo ndipo natamani darubini zielekezwe.