Yule Gertrude wa hospitali ya watoto Muthaiga

Ukimwambia mtu wa Nairobi unaenda Grogan anajua tu unatafuta spea, saidimira ama taa ya nyuma, ama una fundi wako huko karibu na mto. Barabara yenyewe inaitwa Kirinyaga siku nyingi sana lakini lile jina la zamani limekataa kutoka midomoni. Mimi nimekua nikijua Grogan ni gereji basi.

Kujua kwamba Grogan alikuwa mtu, nilijua saa tisa usiku nikiwa nimekaa Gertrude's pale Muthaiga na kijana wangu mapajani, kifua kinalia kama filimbi, tumeshapewa nebulaiza, ule mvuke wa dawa, raundi ya kwanza tunangoja ya pili. Usingizi hakuna, simu iko na chaji, nikajiuliza huyu Gertrude aliyeandikwa kwa geti ni nani? Nikaanza kusoma.

Kumbe ni mke wa Ewart Grogan. Huyu Grogan alipenda Gertrude Watt, msichana wa New Zealand, na baba wa kambo wa msichana akaona kijana hana mbele wala nyuma. Ndipo akaamua atavuka Afrika kutoka kusini mpaka Cairo aonyeshe yeye ni mwanaume. Alianza 1898 akafika 1900, akapitia Ziwa Tanganyika na Kivu hadi Nile, na akampata Gertrude, wakaoana mwaka huo huo. Hii stori wazungu wameisimulia sana kama stori ya mapenzi. Mimi nasoma nikifikiria wapagazi, wale waliobeba mizigo ya huyo bwana harusi kichwani, hakuna hospitali yenye jina la hata mmoja wao.

Wakahamia Kenya 1904, Grogan akapata mashamba na misitu mpaka akawa mmoja wa masetla wakubwa kabisa. Gertrude akafariki 1943, na 1947 mzee akatoa ardhi Muthaiga ijengwe mahali pa watoto, pakaitwa Gertrude's Garden, bustani ya Gertrude. Hapo lazima niseme ukweli, nililia kidogo, mtu amefiwa na mke wa miaka zaidi ya 40 halafu anamkumbuka kwa kitanda cha mtoto mgonjwa.

Lakini nikaendelea kusoma. Machi 1907 huyo huyo Grogan aliwachapa viboko Wakikuyu watatu wavuta riksho hadharani mbele ya korti ya Nairobi, mbele ya umati wa wazungu, eti waliwakosea heshima wanawake wa kizungu. Alipewa kifungo kifupi akatoka akaendelea na maisha. Nilizima simu. Mkono ni ule mmoja jamani, ulioshika kiboko ndio umetoa shamba ambalo mtoto wangu, Mkikuyu, anapumulia oksijeni, na mimi sitaki mtu aniambie nisahau upande mmoja ndio nishukuru vizuri, vyote viwili ni kweli na vyote viandikwe pale getini.

Asubuhi nilimpigia cucu, nyanya yangu. Cucu alikuwa yaya kwa wazungu Muthaiga miaka ya hamsini, akilala Mathare bondeni, na ukitoka Muthaiga kwenda Mathare ni kuvuka tu barabara ya Thika. Nairobi ya wakati huo hospitali ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Akaniambia hiyo hospitali anaijua vizuri, aliingia akimshikilia mtoto wa memsahib alipopata homa, akakaa naye kwa kiti usiku mzima akimwimbia. Mtoto wake mwenyewe, mjomba wangu mkubwa, alipougua surua alimfunga mgongoni akatembea naye kwa miguu mpaka King George, ndiyo hospitali ya Kenyatta ya leo, na mwenye anajua hiyo njia anajua si karibu. Alisema hivyo bila hasira, akauliza kama mtoto amekula.

Siku hizi Gertrude's haiko Muthaiga peke yake, kuna kliniki Donholm, Embakasi, Komarock, watu wa Eastlands, mashariki ya Nairobi, hawalazimiki kuvuka mji na mtoto ana homa. Haitengenezei mtu faida, ni ya trust ya hisani, lakini bili bado ni bili, mimi niliingia kwa sababu nina bima ya kazi. Jirani yangu hana, na mtoto wake ana pumu ile ile ya wangu. Huyo bado anapanga foleni kwingine alfajiri, na hapo ndipo mimi naona kazi haijaisha.

Na jina lenyewe Muthaiga, kwa Kikikuyu mũthaiga ni dawa. Hilo halikutoka kwa Grogan wala kwa mke wake, lilikuwepo.

Kijana aliruhusiwa saa nne asubuhi. Tulivuka barabara ya Thika tukaenda moja kwa moja kwa cucu, akamvua shati, akamwekea sikio kifuani akasikiliza muda mrefu, halafu akaenda kuchemsha uji.