Jioni tuliyomjadili binti wa kwaya

Katika usharika wetu wa Kilutheri mjini Tanga, binti aliyepata mimba nje ya ndoa alijua kinachomngoja. Alifungiwa Meza ya Bwana, yaani mkate na divai ya Ushirika Mtakatifu, na kutolewa kwaya, na mtoto akizaliwa hakubatizwa mpaka mama yake atubu mbele ya usharika na kurudi kundini. Siku hiyo alisimamishwa mbele, kichwa kimeinama, kanisa zima likimtazama. Nasikitika kusema kwamba wapo waliowahi ibada kwa sababu hiyo tu. Utaratibu huo ulikuwa wa zamani. Wamisionari Wajerumani walifika Tanga mwaka 1890 na mwaka uliofuata wakapanda Usambara, na wazee wetu, wengi wao Wasambaa walioteremka mjini kutafuta kazi, walilelewa katika nidhamu hiyo tangu utoto.

Kwaresima ya mwaka 1998, barabara za Ngamiani zikiwa bado na madimbwi ya mvua za Elnino, baraza la wazee lilikaa kwa ajili ya binti wa sauti ya kwanza. Mimi nilikuwa katibu, mdogo kuliko wote mle ndani. Bibi yake ndiye aliyeleta ombi: kitukuu abatizwe Pasaka. Alisimama mlangoni na kanga yake mabegani, akasema mjukuu wake hali vizuri, hatoki nje, na kengele ya kanisa ikilia anajifunika shuka. Kisha akaombwa asubiri nje.

Mzee mmoja wa Chumbageni alianza. "Tukilegeza hapa, tumekwisha. Nina mabinti wanne nyumbani. Wakiniuliza mbona fulani hakufanywa kitu, niwajibu nini?" Alikuwa na Katekisimu Ndogo mkononi, kitabu cha Martin Luther cha mafundisho ya msingi, akasoma amri ya sita, Usizini, na maelezo yake yote, taratibu, kama anayewasomea watoto wa kipaimara. Sikumdharau, na hata leo simdharau. Mzazi mwenye mabinti wanne katika mji wa bandari ana cha kuogopa. Na Paulo mwenyewe aliliona swali hilo katika Warumi 6: tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Akajibu, hasha. Kanisa linaloona haya kuitaja dhambi kwa jina halimsaidii mtu.

Wazee wengine waliitikia kwa vichwa, na ombi la bibi lilikuwa karibu kukataliwa. Ndipo mwinjilisti wetu mstaafu, aliyezeeka akifundisha vijiji vya mashamba ya mkonge upande wa Pongwe, alipoinua mkono.

"Wazee wangu, baba wa mtoto ni nani?"

Kimya. Hapakuwa na asiyemjua. Aliimba besi, na Jumapili iliyopita alikuwa amepiga magoti na kupokea Meza ya Bwana pamoja nasi.

"Basi angalieni tulichofanya," mwinjilisti akasema. "Binti amelala ndani, dhambi yake anaijua usiku na mchana, na huyo ndiye tunayetaka kumwongezea sheria. Kijana anatembea kifua mbele, hana habari, naye tumempa mkate na divai. Tumewagawia kinyume."

Maneno yale yaliniingia, na nimeishi nayo. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba kupatanisha Sheria na Injili ni kuvipima vyote viwili kwa kiasi, ukali kidogo na huruma kidogo, kila mtu apate fungu lake. Mwinjilisti hakupima. Alitaka tujue kwanza aliye mbele yetu ni nani. Anayejiona salama katika uovu wake asomewe amri kumi mpaka zimguse. Aliyekwisha guswa akavunjika moyo, aambiwe Kristo amemfia, na asiwekewe sharti juu ya neno hilo.

Mzee wa Chumbageni hakunyamaza. "Lakini Katekisimu inaanza na Amri. Imani, ile Kanuni ya Imani tunayoikiri, inafuata. Luther hakukosea mpangilio."

Mchungaji, aliyesoma theolojia katika chuo cha Kilutheri cha Makumira, alimkubalia. Akatueleza kwamba Luther alilifananisha jambo hili na mgonjwa: amri zinamwonyesha ugonjwa wake, Imani inamwonyesha dawa iko wapi. Akatusimulia pia juu ya Johannes Agricola, rafiki wa Luther mwenyewe, aliyefundisha kwamba Sheria haina kazi tena katika kuwaita Wakristo watubu. Kuanzia mwaka 1537 Luther alimpinga hadharani huko Wittenberg, Ujerumani, maana pasipo Sheria hata msamaha hauna maana: mtu asamehewe nini? "Kwa hiyo Sheria hatuitupi," mchungaji akasema. "Lakini binti huyu ugonjwa wake anaujua."

Kisha akafungua Yohana 8. Mwanamke aliyefumaniwa anasimamishwa katikati peke yake, na mwanamume aliyekuwa naye hatajwi popote. Mzee mmoja aliguna. Yesu anaanza na "Wala mimi sikuhukumu", ndipo anasema asitende dhambi tena. Akatupeleka na Kutoka 20, ambako kabla ya amri hata moja Mungu anajitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa Israeli katika nyumba ya utumwa. Utii unadaiwa kwa watu waliokwisha kuokolewa. Mimi niliyekariri amri zote kumi nikiwa mtoto sikuwahi kuuangalia mstari ule.

Tuliamua hivi: mchungaji aende nyumbani kwa binti, asikie toba yake na kumtamkia ondoleo la dhambi huko huko, na mtoto abatizwe Pasaka. Kijana aitwe mbele ya baraza. Mzee wa Chumbageni alitaka iandikwe kwamba hakukubali, nami nikaandika.

Kijana alikuja na mjomba wake. Mwanzoni alikana. Mwinjilisti, yule yule aliyesemwa kuwa mpole mno, hakumlegezea hata neno moja, mpaka akakiri. Alifungiwa Meza ya Bwana na kutolewa kwaya, akatakiwa kumtunza mwanawe, na kwa muda nilioishi Tanga alimtunza. Ndoa haikuwapo. Binti hakutaka, na hakuna aliyemlazimisha.

Utaratibu wa kusimama mbele haukufutwa na kikao kile, maana tuliamua shauri la mtu mmoja tu. Mzee wa Chumbageni naye aliendelea kuniambia, kila tulipokutana, kwamba tulifungua mlango usiofungika. Nilimjibu kwa Yohana 8, naye akanijibu kwa Warumi 6, na wote wawili tulikuwa tunasoma Biblia ile ile.