Fimbo Ilitangulia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumatatu dada mmoja tunayesali naye alimzika mwanawe wa miaka mitatu. Sikwenda. Mvua ilinyesha, kazi zilinibana, na kusema kweli niliogopa: ukimkuta mama mfiwa mkekani, unamwambia nini? Nikatuma rambirambi kwa simu, nikaandika "Pole sana mama, Bwana alitoa na Bwana ametwaa," nikamalizia na vile vikono vya maombi. Tiki mbili zikageuka bluu. Hakujibu.

Usiku nikafungua 2 Wafalme 4, habari ya mama wa Shunemu aliyefiwa na mwanawe akamkimbilia nabii Elisha. Sura hii nimeihubiri zaidi ya mara moja, kila mara nikikimbilia pale mtoto anapopiga chafya mara saba na kufumbua macho. Safari hii nilikwama mstari wa 31. Gehazi, mtumishi wa Elisha aliyetumwa kutangulia, anaweka fimbo ya Elisha usoni pa mtoto, kimya. Na ilikuwa fimbo ya nabii kweli, imepelekwa mbio, bila hata kusalimiana na watu njiani. Lakini yule mama, aliyempakata mwanawe hadi adhuhuri akamfia magotini, alikuwa ameapa kwamba yeye hamwachi Elisha. Hakutaka fimbo, alimtaka mwenyewe.

Elisha alipofika alifunga mlango, akaomba, akajilaza juu ya maiti, kinywa kwa kinywa, macho kwa macho, viganja kwa viganja. Torati inasema agusaye maiti ni najisi siku saba (Hesabu 19:11). Hakujali. Mwili ukapata moto, mtoto bado. Nabii akashuka, akawa anatembea huku na huku mle ndani, kisha akapanda tena. (Hayo matembezi nayapenda mno.) Nabii Eliya naye kule Sarepta alijinyosha mara tatu juu ya mtoto aliyekufa.

Jamani, tumekuwa watu wa kutuma fimbo! Kundi letu la maombi linajaa "Amina" kila asubuhi, na mgonjwa wa mtaa wa pili anamaliza wiki hajaona mtu. "Tunakuombea" tunaiandika tukisonga ugali, na kabla haujaiva tumeshasahau tulimwandikia nani. Unasema huna la kumwambia mfiwa? Gehazi alipotaka kumsukuma yule mama, Elisha alimzuia: mwache, roho yake ina uchungu, na BWANA amenificha jambo hili. Nabii mzima, hana habari! Lakini alifunga safari kutoka Karmeli. Wewe unangoja ufunuliwe nini ndipo uvae viatu?

Namwambia mwenzangu, najiambia na mimi.

Jana jioni nilikwenda. Turubai lilishaondolewa. Nilimkuta uani anachambua mchicha, na mlangoni kuna ndala ndogo za bluu ambazo hakuna aliyethubutu kuzitoa. Sikunukuu mstari. Nilivuta kigoda, nikachukua fungu moja, tukachambua hadi giza likaingia.