Kivumishi Kisichosimama Peke Yake

Nilipatwa na kiharusi alfajiri moja ya Juni 2022, nikiwa na umri wa miaka 44, na nikiwa nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Mbeya kwa miaka 18. Presha nilikuwa nayo, dawa nilikuwa nimepewa, na nilikuwa nimeziacha kwa sababu nilijiona mzima. Nalisema hili mapema kwa ajili ya msomaji ambaye leo naye anajiona mzima na vidonge vyake viko kabatini. Mshipa wa damu uliziba upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaouongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoibeba lugha, kwa hiyo kalamu na ulimi viliniondokea siku moja.

Nilielewa karibu kila nililoambiwa, na nilimtambua kila aliyekuja kunijulia hali. Tatizo lilianza nilipofungua kinywa. Nilitaka kijiko, likatoka neno uma; nilitaka kuomba maji, nikasikia sauti yangu ikisema maziwa. Neno jirani ndilo lililoitika kila mara, na lile nililolihitaji lilibaki nyuma ya pazia ambalo sikuweza kulifunua. Mama alikuja kunichukua, akanirudisha nyumbani Tukuyu, katika chumba nilicholala nikiwa mtoto, ambacho dirisha lake linatazama migomba na, asubuhi zisizo na ukungu, Mlima Rungwe.

Lugha ya kwanza kurudi haikuwa Kiswahili. Jirani alituletea sinia la magimbi yaliyochemshwa, akaliweka mbele yangu, nami nikamwambia, bila kutafuta na bila kukosea, "Ndaga fijo," yaani asante sana. Mama aliweka chini kikombe alichokuwa amekishika. "Mwanangu, umesema," alinijibu, kisha akatoka nje kwa muda. Lugha niliyokuwa nimeiacha kizingitini kila nilipoondoka kwenda shule ndiyo iliyonisubiri, na tangu siku ile sijawahi tena kuiita Kinyakyusa lugha ya likizo.

Kiswahili kilifuata polepole, na kilirudi bila viungo vyake. Majina yalikuja kwanza: ndoo, jiwe, mlango, mbuzi. Upatanisho haukuja. Mimi niliyewasahihishia mamia ya wanafunzi makosa ya ngeli nilisema "maua mzuri" na "mti kizuri", nikijua kwamba kuna kitu hakijakaa sawa na nisiweze kusema ni kipi. Mtoto wa kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la sita, alifanya kazi ambayo hakuna aliyempa. Kila jioni alileta kitu kimoja kutoka shambani au jikoni, akakiweka mezani, akangoja. "Si maua mzuri, Shangazi. Ni maua mazuri." Nilirudia. Kesho yake alileta kitu kingine.

Katika mazoezi hayo nililiona jambo ambalo nilikuwa nimelifundisha kwa miaka 18 bila kulitazama. Mzizi -zuri, jinsi tunavyouandika kwenye vitabu vya sarufi, huanza na kistari kwa sababu hauwezi kusimama peke yake. Hausemi lolote mpaka upate kitu cha kushikamana nacho, na kila kitu huuvalisha nguo yake: mtoto mzuri, miti mizuri, ua zuri, kikapu kizuri, mvua nzuri, ukuta mzuri. Hata mahali pana namna tatu za kuwa pazuri, kwa maana uani petu ni pazuri, mashambani kwetu ni kuzuri, na nyumbani mwetu, jioni moto unapowaka, ni mzuri. Lugha yetu inamlazimisha msemaji ajue kwanza ni nini kilicho mbele yake ndipo aruhusiwe kukisifu.

Nilimwomba mama anitolee madaftari yangu ya zamani, kwa kuwa kabla ya kuugua nilikuwa nikiandika insha na mashairi kwa zaidi ya miaka kumi. Niliyasoma kwa masikitiko. Kila ukurasa ulikuwa na uzuri wa maisha, uzuri wa nyanda zetu, uzuri wa upendo, lakini katika kurasa nyingi sikuona ua wala uso wala mkono wa mtu. Nilikuwa nimelichukua neno nikaliweka kwenye ngeli ya dhahania, nikaliacha huko bila kitu cha kukaa juu yake. Siyachomi maandishi hayo, lakini nisingependa kurudi kuandika vile.

Januari 2023 nilinunuliwa kaunta buku, nikaanza kwa mkono wa kushoto. Herufi zilikuwa kubwa na zimelala ovyo, na ukurasa mzima ulimeza sentensi nne. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba neno uzuri lisionekane humo. Niliandika chai. Niliandika jinsi wachumaji wanavyochukua chipukizi na majani mawili ya juu, na jinsi majani hayo machanga yanavyong'aa kuliko yale mazee ya chini, kiasi kwamba shamba lililochumwa jana linaonekana kukolea kuliko la jirani yake. Niliandika ukungu unavyoshuka Rungwe, ambao kilele chake kiko karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, na unavyoumeza msitu kwanza, kisha migomba, kisha paa la jirani. Kazi hiyo ilinichukua miezi mitano, na sidhani kwamba niliwahi kuandika kwa haki kiasi hicho nilipokuwa na mikono miwili.

Rangi zilinisumbua kuliko vyote. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazopatanishwa na jina, yaani nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingi kati ya zilizobaki tumeziazima kwenye vitu, kijani kwenye jani, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda lake. Zamani niliuhesabu huo kuwa upungufu. Sasa naushukuru, kwa sababu unanituma shambani kutafuta.

Februari 2024 kaka alinipeleka Kitulo. Tulipita Isyonje tukapanda kuelekea Kikondo, kati ya mashamba ya viazi, hadi kwenye uwanda ulio juu ya mita 2,600, ambako baridi iliniuma mkono wa kulia ambao bado hauna nguvu. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Hifadhi ya taifa ilianzishwa pale mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea, na sehemu ya sababu ilikuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, ambacho hutengenezwa kwa viazi vya okidi, jamii ya mimea ya maua. Okidi zilikuwa zikichimbwa kwa wingi na kuvushwa mpaka. Zimehesabiwa pale aina 45 za okidi peke yake. Nilikaa juu ya jiwe karibu saa mbili. Kulikuwa na maua yaliyosimama kwenye mashina marefu kama mienge, mekundu juu na ya rangi ya embe bivu chini, na chini yao okidi ndogo zenye weupe wa tui la nazi, ambazo nisingeziona kama ningekuwa natembea kwa kasi niliyokuwa nayo zamani. Majina ya mengi siyajui. Niliacha nafasi kwenye daftari.

Usiku tuliporudi niliandika kwa mkono wa kushoto: "Mvua ndogo ilinyesha, na maua mekundu yaliyosimama kandokando ya njia yakainama yote kwa pamoja." Mtoto wa kaka, ambaye sasa yuko sekondari, alilivuta daftari upande wake wa taa. Alisoma hadi mwisho bila kugusa kalamu, kisha akafunua ukurasa uliofuata, ambao ulikuwa bado mweupe.