Siku Moja Maishani Mwangu: Nafundisha Git Mombasa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko ndani ya feri ya Likoni, mkoba wa laptopu nimeukumbatia kifuani. Majirani wanajua nafanya "mambo ya kompyuta", basi printa ikikwama huletwa kwangu. Kazi yangu hasa ni kuwafundisha vijana wanaoanza kuandika programu wasipoteze walichoandika. Chombo ni Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya faili, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta.

Saa mbili, baada ya mahamri na mbaazi Mwembe Tayari, niko darasani. Asubuhi yote ni amri chache: `git init` kuanzisha hazina, yaani ghala la historia hiyo, kwenye folda, `git status` kuuliza hali, `git add` kuchagua mabadiliko, `git commit -m` kuyahifadhi pamoja na ujumbe, `git log` kuona yaliyopita. Kwenye ujumbe sina mchezo. Mtu akiandika "mabadiliko" tu, namrudisha: mwenzako atakayeusoma baada ya miezi sita ataelewa nini? "Ongeza ada ya kupeleka mzigo Likoni" unasema kitu.

Saa saba, swala na chakula.

Saa nane siku ikachacha. Vijana wawili wanatengeneza tovuti ya duka la leso la shangazi wa mmoja wao, na shangazi anataka kuiona jioni. Mpwa kapiga `git push` kuituma kazi yake kwenye seva, kompyuta ya pamoja mtandaoni, imekataliwa, kwa sababu mwenzake ameshatuma kazi mpya kwenye seva na yeye hajaichukua.

"Mwalimu, nasikia nikiongeza `--force` itakubali."

Itakubali, na kazi ya mwenzako itaondoka kwenye tawi lile la seva, yaani mkondo ule wa kazi mnaoshiriki. Nikamwambia atoe mkono kwenye kibodi.

`git pull --no-rebase`, aichukue kazi ya mwenzake na kuiunganisha na yake. Mgongano: wote wawili wamegusa mstari mmoja wa bei. Faili ikaonyesha `<<<<<<< HEAD`, chini yake bei ya mpwa, shilingi 200, kisha `=======`, halafu 150 ya mwenzake, na `>>>>>>>` kufungia. Wakaanza kulaumiana, sauti juu, darasa zima likaacha kazi. Nikawaketisha pamoja. Git haijui ada ya kupeleka leso Likoni, inawauliza nyinyi. Mpigieni mwenye duka. Hakupokea. Wakapiga tena, na tena, chumba kinachemka, jasho latutiririka. Alipopokea alitaka kwanza kujua kama wamekula. Mwisho akasema: 180.

Wakafuta alama zote, wakaandika 180, `git add`, `git commit`. Papo hapo stima ikapotea.

"Kazi imekwenda!"

Haikwenda. Ukishapiga `git commit`, kazi iko kwenye diski ya laptopu yako, wala haihitaji intaneti. Kilichobaki kungoja ni `git push`. Nikawafungulia `git log` laptopu ikila betri, wakauona ujumbe wao umekaa pale juu kabisa.

Stima ilirudi adhana ya magharibi imeshapita. Koo limenikauka, miguu yaniuma. Wanaodhani tunakaa tu kivulini kubonyeza waje wasimame nasi alasiri moja. Kazi hii naipenda, na siibadilishi.

Push ikapita. Shangazi akaifungua tovuti kwenye simu, akasifu, kisha akauliza mbona picha ya leso nyekundu haipo.

"Kesho, shangazi."

Kesho tunaanza matawi, `git switch -c`, na picha hiyo ndiyo zoezi.