Dringend si haraka tu

Nilipoanza kujifunza Kijerumani, kamusi yangu ndogo ilieleza kwamba neno dringend maana yake ni "-a haraka", nami nikaridhika na jibu hilo kwa muda mrefu. Siku moja nikapokea barua yenye maneno "Wir empfehlen Ihnen dringend", nikadhani walioniandikia walikuwa na haraka ya kunishauri. Nilipoisoma tena nikaona kwamba haraka haikuwamo kabisa. Walichotaka ni nisiupuuze ushauri wao.

Neno hili limetokana na kitenzi dringen, yaani kupenya kwa nguvu, kama maji yanavyopenya ukutani, na ndugu yake ni drängen, kusukuma. (Kwa matamshi, msemaji wa Kiswahili amebahatika: ng yake ni ile ya ng'ombe, wala si ya ngoma, na d ya mwisho husikika kama t.) Kwa hiyo kilicho dringend ni jambo lenyewe linalomsukuma mtu, iwe ombi, swali au tatizo. Haraka aliyo nayo mtu ina neno lake, eilig: husemwa "Ich habe es eilig", wala mtu hasemi "Ich bin dringend" akitaka kueleza kwamba ana haraka.

Likitumika kama kielezi, halibadiliki umbo, na maana yake hufuata kitenzi kilicho jirani. Katika "Ich brauche dringend Hilfe", msaada unahitajika sana, tena sasa hivi. Lakini likiandamana na warnen, kuonya, au abraten, kumshauri mtu asifanye jambo, suala la muda hufifia na mkazo ndio unaobaki.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika sheria. Kifungu cha 112 cha sheria ya Ujerumani ya mwenendo wa kesi za jinai kinataka mtu awe "dringend verdächtig" kabla ya kuwekwa rumande, yaani pawe na uwezekano mkubwa kwamba ndiye aliyetenda kosa. Hizo ni tuhuma nzito, na mfasiri anayeandika "tuhuma za dharura" humpotosha msomaji katika jambo linalogusa uhuru wa mtu.

Siku hizi nikikutana na "eine dringende Bitte", siandiki tena "ombi la haraka". Naandika "nakusihi".